Kubuni Ulimwengu wa Ajabu: Ushauri kwa Mwandishi Chipukizi

Mtahiniwa mpendwa, huenda una daftari ambalo humwonyeshi mtu. Ndani yake mna nchi isiyo kwenye ramani, mito inayosema na watu wenye mbawa. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja hapa Voi aliniletea daftari kama hilo. Nilimwambia aache mchezo ajiandae kwa mtihani. Hakuniletea tena. Nilikosea, ndiyo maana ninakuandikia wewe.

Fantasia haikuletwa kwetu na filamu. Hurafa, visasili na mighani unayosoma katika Fasihi Simulizi ndiyo mizizi yake. Katika *Kusadikika* (1951), Shaaban Robert alibuni nchi iliyo angani ili azungumzie dhuluma ya watawala. Katika *Walenisi* (1995), Katama Mkangi alimpeleka mhusika wake Dzombo kwenye ulimwengu mwingine. Litazame jina hilo vizuri: wale ni sisi. Ulimwengu wa ajabu unaofaa ni ule unaotuonyesha sisi wenyewe.

Zingatia mambo yafuatayo.

1. Anzia nyumbani. Husahihisha insha nyingi zenye majumba ya mawe, theluji na majoka, zilizoandikwa na watahiniwa ambao hawajawahi kuiona theluji. Tazama ulipo. Mwaka 1898, simba wawili waliwaua wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli katika Mto Tsavo. Baadhi ya wenzao waliamini kwamba hao hawakuwa simba bali mizimu. Maji ya mvua ya vilima vya Chyulu hupotea ardhini, yakaibuka mbali katika chemchemi za Mzima. Karibu na hapo pana miamba myeusi ya lava iitwayo Shetani. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa vumbi. Mandhari unayo tayari.

2. Chagua ajabu moja, uiwekee sheria. Tuseme jiwe moja la Shetani humnyang'anya jina kila anayelipita usiku. Sheria yake: halirudishi jina la mtu mpaka mwingine aache lake. Usiivunje sheria hiyo ili kumwokoa mhusika. Msomaji akijua kwamba lolote laweza kutokea, taharuki hufa.

3. Mpe mhusika haja ya kibinadamu. Mghoi ana kaka aliyelipita jiwe hilo. Sasa mama yao humtazama mwanawe asijue amwiteje. Msomaji hatalia kwa sababu ya jiwe. Atalia kwa sababu ya mama huyo.

4. Ajabu iwe na gharama. Mghoi analiacha jina lake ili kaka apate la kwake. Asubuhi, kaka anaitwa mezani, naye anasimama mlangoni akingoja kuitwa. Hapo hadithi imefika, wala huhitaji vita vya mwisho.

5. Maliza. Daftari lenye mianzo kumi halimfundishi mwandishi kama hadithi fupi moja iliyokamilika. Isome kwa sauti, kisha ufute sentensi unazojikwaa.

Je, mtihani? Katika karatasi ya kwanza, insha ya methali au ya mdokezo hukuruhusu kubuni, lakini haikuruhusu kuliacha swali. Kisa cha Mghoi kingefaa methali "Damu nzito kuliko maji", kwa kuwa tendo lake ndilo linaloithibitisha. Kisa hichohicho chini ya "Haraka haraka haina baraka" kitakuwa kimepotoka, hata kikiwa kitamu namna gani, na kitashushwa kiwango. Jiulize kabla ya kuandika: je, nikiiondoa methali hii, kisa changu kitabaki vilevile? Kikibaki, hujajibu swali. Panga pia urefu. Maneno 400 hutosha ajabu moja, wahusika wawili au watatu na tukio moja kuu. Sarufi na hijai usizipuuze, kwa maana mzimu wenye makosa ya upatanisho hamtishi mtahini.

Baada ya mtihani, daftari lako bado litakuwepo. Mwalimu akikuambia ni mchezo, msikilize kwa heshima, ufaulu somo lake, kisha urudi ukaendelee kuandika. Na kama wewe ndiwe uliyeniletea daftari mwaka ule, lilete tena. Nitalisoma.