Bonampak: Hekalu la Wamaya lililoficha picha za vita

UKILITAZAMA kwa nje Hekalu la Michoro la Bonampak, kusini mwa Mexico karibu na mpaka wa Guatemala, huoni la ajabu. Ni jengo la mawe lenye urefu wa mita 16 hivi na vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake.

Maajabu yako ndani. Kuta na dari zimejaa picha za rangi zilizochorwa karibu mwaka 790, enzi za mfalme Yajaw Chan Muwaan.

Mafundi walijenga dari kwa kupanga mawe, kila safu ikijitokeza kidogo kuliko ya chini yake, hadi kuta mbili zikakaribiana juu. Wakapiga lipu ya chokaa, kisha wakachora. Buluu yao, mchanganyiko wa nili na aina fulani ya udongo, bado inang'aa.

Chumba cha kwanza kitamgusa mfanyabiashara yeyote. Wakuu waliojitanda mashuka meupe wamekusanyika, na karibu na kiti cha enzi kuna mzigo ulioandikwa hesabu yake: punje 40,000 za kakao. Kwa Wamaya kakao ilikuwa kinywaji cha wakubwa, na pia ilitumika kama fedha.

Chumba cha pili ni vita. Mateka wameketi kwenye ngazi, damu ikichuruzika vidoleni, na mmoja amelala maiti miguuni pa mfalme. Katika cha tatu watu wanacheza ngoma, huku wanawake wa ikulu wakijitoboa ndimi kutoa damu ya sadaka.

Mwaka 1946 Walacandon, wenyeji wa msitu huo wanaozungumza lugha ya Kimaya, walimwongoza mpigapicha Mmarekani, Giles Healey, hadi hapo. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini Wamaya wa kale walikuwa watu wa amani, wakiongozwa na makuhani watazama nyota. Kuta hizo ziliwasuta.

Hata hivyo, ugunduzi ulikuwa na gharama. Ili picha zionekane vizuri, zilipakwa mafuta ya taa. Usafishaji wa kitaalamu ulikuja baadaye, katika miaka ya 1980.

Ukitazama kwa makini utaona nafasi kadhaa za kuandikia majina zikiwa tupu. Kazi haikumalizika. Muda si mrefu mji ukahamwa, na wengi wa waliochorwa humo wamebaki sura bila majina.