Kabla Furukombe Hajaruka

Wanaoniletea picha zao za ndege huniuliza swali moja: ninunue lenzi gani? Nami huwauliza: siku ile upepo ulikuwa unatoka wapi? Wengi hawakumbuki, na hapo ndipo picha ilipopotea. Picha ya ndege mkubwa akiwa angani huandaliwa ndege akiwa bado ametulia, na mwenye kuiandaa huanza na upepo.

Mtazame mwari mweupe pale Ziwa Naivasha. Ana uzito unaoweza kupita kilo 10, na mwili kama huo hauinuki kwa kupiga mabawa peke yake. Lazima hewa ipite kwa kasi juu ya mabawa yake, kwa hiyo hugeuka kuuelekea upepo, akakimbia juu ya maji huku akiyasukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja, mpaka anyanyuke. Upepo wa mbisho, ule unaomchelewesha nahodha wa jahazi, ndio unaombeba mwari. Akitaka kutua pia huuelekea upepo, safari hii ili umpunguzie kasi. Basi ukikaa upepo na jua vyote vikiwa mgongoni mwako, ndege atakuja upande wako, uso wake ukiwa na mwanga. Ukikaa upande wa pili utarudi nyumbani na mikia.

Kuhusu mitambo sina mengi. Lenzi ya milimita 400 inatosha ukiwa kwenye boti. Kasi ya shata iwe 1/2000 ya sekunde kwa furukombe. Mwari anayeelea angani anaridhika na 1/1250. Weka fokasi ya kufuatilia, ile isiyofunga pale ilipogusa mara ya kwanza, na uruhusu kamera ipige picha kadhaa mfululizo.

Mwanga ndio unaowashinda wengi, na furukombe ndiye mtihani wenyewe: kichwa, kifua na mkia ni vyeupe kabisa, tumbo ni la rangi ya kahawia iliyoiva, mabawa ni meusi. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina mwangaza wa wastani. Furukombe akipita mbele ya mafunjo yenye kivuli, kamera huona giza, ikaongeza mwanga, na kile kichwa cheupe kikabaki doa tupu lisilo na unyoya hata mmoja. Sekunde mbili baadaye yuko mbele ya anga jeupe, kamera inapunguza, na ndege anakuwa kivuli. Dawa ni kuupima mwanga wa kichwa chake akiwa bado amekaa juani, kuuweka kwa mkono, kisha kuuacha. Kinachobadilika anaporuka ni kilicho nyuma yake. Jua linalomwangaza ni lilelile. Rudia kupima kila baada ya dakika chache, kwa maana hapa karibu na Ikweta jua hupanda haraka, na kufika saa 3:30 asubuhi kivuli cha bawa tayari kinaangukia tumbo.

Sasa mpangilio wa picha. Asubuhi yangu ya kwanza Naivasha nilimkuta furukombe juu ya mgunga mkavu uliosimama majini, mmojawapo wa ile iliyokufa ziwa lilipofurika. Nilimvuta kwa lenzi mpaka akajaa fremu, nikaridhika. Aliporuka, nilipata picha kumi na moja zenye kifua na vipande vya mabawa. Furukombe akikaa ana urefu wa sentimita 70 hivi. Akifungua mabawa anapita mita 2. Kwa hiyo mwachie nafasi kubwa kuliko unavyoona inafaa, utaikata picha baadaye nyumbani. Na nafasi hiyo iwe kubwa zaidi mbele ya mdomo wake kuliko nyuma ya mkia, ili mtazamaji aone hewa anayoiendea.

Kisha tazama nyuma yake. Jicho la mpigaji hung'ang'ania ndege, lakini picha hurekodi kila kitu: tawi linalochomoza shingoni, paa la banda, mstari wa ufuko unaomkata kichwa. Kabla hajaruka, jiulize atapita wapi, kisha mwombe nahodha asogeze boti mpaka nyuma ya njia hiyo pawe na kitu kimoja tu, ama mafunjo ya mbali, ama vilima, ama maji. Mita tano za boti zinaweza kuisafisha picha kuliko saa nzima ya kompyuta.

Katika mfululizo utakaoupata, chagua picha ambayo mabawa yamepanda juu kabisa au yameshuka chini kabisa. Yakiwa sawa na mwili, ukimtazama ubavuni, ndege mzima huonekana kama fimbo. Jicho lake liwe na chembe ya mwanga. Kwa kundi la mwari mimi hutafuta nafasi kati ya ndege na ndege. Wanne waliotengana wananipendeza kuliko kumi waliofunikana vichwa.

Na utajuaje kwamba anaruka? Furukombe huinama mbele, hubana manyoya, mara nyingi hujisaidia, kisha hukunja miguu. Bonyeza hapo miguu inapokunjwa. Binadamu huchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde kuitikia anachokiona, na ukisubiri mabawa yafunguke umeshachelewa.

Manahodha wengi Naivasha watakupigia mbinja, wamrushie furukombe samaki aliyechomekwa kipande cha funjo ili aelee. Picha hupatikana, na ni kali. Lakini zote zinafanana, kwa sababu ndege amekuja pale pale palipotupwa samaki. Baya zaidi ni kuliendesha boti katikati ya kundi la mwari ili warupuke. Kila mruko wa hofu humla ndege nguvu alizozitafuta asubuhi nzima.

Ukienda, mwombe nahodha azime injini mapema, amwache samaki ndooni, na akuelekeze upepo unakotoka. Mlipe vizuri kwa kusubiri pamoja nawe.