Motokari Inapokataa Kuwaka: Tuulize Mbele ya Kusukuma



Wengi wenu munakumbuka usiku ule wa mvua kubwa, wakati mwenzetu wa mwaka wa tatu alishikwa na homa kali mu enternati. Saa nne ya usiku alikuwa anatetemeka na kusema maneno yasiyo na maana. Hospitali iko kilometa 14. Shofere alikuwa amekwenda kwao kwa matanga, lakini mwalimu mmoja anayejua kuendesha akaleta ufunguo wa Land Rover yetu ya zamani. Akageuza ufunguo: demarere ikazungusha motere vizuri, lakini motere haikushika. Akarudilia tena na tena, mpaka batri ikachoka.

Ndipo mimi kapita wenu nikaita vijana 15: “Tusukume!” Tukasukuma mu matope karibu saa nzima. Muzee zamu akakuja, akaniambia: “Mutoto wangu, munasukuma bure. Hii motere haina moto.” Nikamujibu asitusumbue. Aibu yangu iko pale.

Kiisha Bwana Prefe akafika, akamuruhusu muzee ajaribu. Muzee akafungua kapo, akatosha kifuniko cha delko, akakipanguza ndani na kitambaa kikavu, akakirudisha. Tukasukuma meta 20 tu, na motere ikawaka! Mwenzetu alifika hospitali, akatiwa dawa, akapona. Lakini saa ile moja tuliipoteza, si kwa kukosa nguvu, bali kwa kukosa kuuliza.

Tangu hapo ninakwenda kwa muzee kila siku ya posho. Zamani alikuwa musaidizi wa mufundi wa motokari. Haya ndiyo aliyonifundisha, pamoja na yale ya masomo yetu ya fizike.

Motere ya esanse inaomba vitu vitatu: izungushwe, ipate cheche ya moto kwa wakati wake, na ipate esanse iliyochanganyika na hewa. Kimoja kikikosa, haiwaki. Basi swali la kwanza ni hili: demarere inazungusha motere ao hapana?

1. Kama haizungushi, ao inazungusha polepole sana. Washa taa za mbele, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia ao zikizimika, batri imechoka, ao vichwa vyake havishiki vizuri. Usikimbilie kununua batri mpya! Angalia kwanza ule unga mweupe ao wa kijani juu ya vichwa. Fungua, sugua mpaka chuma kingae, kaza tena. Fuata pia waya nene ya masi mpaka mahali inapofungwa ku shasi, maana kutu inakaa pale. Batri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja karibu volti 2. Ikijaa na kupumzika, voltimetre ya laboratware itaonyesha karibu 12.6. Lakini taa zikibaki kali na demarere inyamaze, shida iko ku demarere yenyewe ao ku waya zake.

Angalisho: usilete kiberiti ao sigara karibu na batri. Inatoa hidrojeni, nayo inalipuka.

2. Kama inazungusha vizuri lakini haishiki. Hii ndiyo ilikuwa shida yetu. Batri haikuwa na kosa. Sisi ndio tuliichosha. Hapa tafuta cheche. Tosha buji moja, iunge tena ku waya yake, ilaze juu ya chuma cha motere, mbali na esanse. Shika waya na koleo yenye mikono ya plastiki, si na vidole. Mwenzako ageuze ufunguo. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, moto iko. Usipoona kitu, rudi nyuma: waya, kifuniko cha delko, vise platine, bobine.

Wenye kusoma fizike wataelewa. Mwaka 1831 Faraday alionyesha kwamba uwanja wa sumaku ukibadilika, umeme unazaliwa mu waya. Vise platine zikifunguka, umeme wa bobine unakatika ghafula, na zile volti 12 zinazaa volti zaidi ya 10,000. Delko inagawa umeme ule kwa kila buji kwa zamu. Ku Land Rover yetu ya silinda 4, zamu ni 1-3-4-2. Lakini volti nyingi vile zinatafuta njia fupi. Maji kidogo ndani ya kifuniko yanatosha kuzipotosha, na buji haipati kitu. Hapo hata vijana 100 wakisukuma, ni bure. (Jina delko linatoka ku herufi za kampuni ya Marekani, Dayton Engineering Laboratories Company, iliyoanza mwaka 1909. Ni hiyo ilitengeneza demarere ya umeme ya Cadillac ya mwaka 1912.)

3. Kama cheche iko, tafuta esanse. Usiamini saa ya esanse peke yake. Ingiza kijiti safi mu tanki. Angalia kikombe cha kioo cha pompi: maji yanakaa chini, esanse juu. Esanse ya kununua mu bidoni mara nyingi ina maji na uchafu. Kisha angalia buji. Ikiwa kavu kabisa, esanse haifiki: angalia filtri, pompi na karburatere. Ikiwa inalowana na kunuka, motere imekunywa kupita: rudisha starteri, ngojea dakika 10, kanyaga akseleratere mpaka chini, jaribu tena.

Kila mara, usishike ufunguo kupita sekunde 10. Acha demarere na batri vipumzike.

Motokari nyingi za sasa hazina delko wala karburatere. Zina enjeksio na komputere. Lakini maswali yanabaki yale matatu: inazunguka? ina moto? ina esanse? Tuanze na jambo rahisi lisiloomba feza, kisha twende ku lile la bei.

Sasa kitambaa kikavu kinakaa siku zote chini ya kiti cha Land Rover. Tafazali, musikitoshe kwa kupanguza viatu.

Na kwa muzee wetu zamu, ambaye sikumusikiliza usiku ule: Muzee, ninaomba musamaha mbele ya masomo yote. Aksanti kwa kunifundisha.

Kapita wenu, mwaka wa sita