Kipuri Mbadala si Kipuri Ghushi

Miongoni mwa maneno ambayo biashara ya vipuri vya magari imeyachakaza hapa Pwani ya Kusini, hakuna lililochakaa kuliko "jenuini". Katika maduka ya Ukunda neno hili sasa lina madaraja. Nilipokwenda kutafuta pedi za breki, mwenye duka aliniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, wataka jenuini ya bei gani?" Kwa mtu wa isimu, swali hilo ni tunu. Kwa abiria atakayeteremka na matatu kutoka Kwale mjini, kupitia Golini hadi Kombani, ni la kutisha.

Maana ya neno huhama, na mara nyingi haidhuru. Abiria wetu waliizoea kila matatu kuiita "nisani", hata iliyoundwa na Toyota, na hakuna aliyeumia kwa hilo. Breki ni jambo jingine.

Hata hivyo, tusiwaonee wauzaji wote. Magari yetu mengi huingia Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na kanuni zaruhusu yawe na umri wa hadi miaka 8. Magari ya namna hiyo hayakosi kudai vipuri, na si kila mtu, sembuse dereva anayedaiwa hesabu na tajiri kila jioni, awezaye kununua kile kilichotoka kwa muundaji wa gari. Viko viwanda vinavyotengeneza vipuri nafuu kwa majina yavyo vyenyewe, na baadhi ni vizuri. Hivyo ni vipuri mbadala. Kipuri kilichotiwa katika kijisanduku chenye jina la kampuni isiyokijua ni ghushi. Sisi twaviita vyote "bandia", na hapo ndipo tunapopotea. Mtoto wa bandia hamdanganyi mtu. Msichana anayembembeleza ajua hatalia. Lakini ghushi, neno tulilolipata kwa Waarabu, limebeba hila ndani yake.

Pedi ya breki ni bamba la chuma lililogandishwa mchanganyiko mgumu unaobana diski. Mteremko mrefu huipasha moto. Mchanganyiko ukiwa hafifu hupoteza nguvu ya kushika, na gundi ikiwa mbovu, hubanduka. Dukani zote zafanana. Hata fundi hodari wa Msambweni hawezi kuitambua kwa kuipapasa.

Sheria nayo hutofautisha. Ile ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi humlinda hasa mwenye jina la biashara lililoibwa. Pedi mbovu iliyouzwa kwa jina lake yenyewe haiguswi na sheria hiyo. Hiyo ni kazi ya KEBS, shirika la viwango. Mnunuzi anayelia kwamba ameuziwa "feki" hajui abishe mlango upi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kupewa habari anazohitaji kuzihusu. Risiti zetu huandikwa "breki, seti 1", basi. Napendekeza kila muuzaji alazimishwe kuandika jina la kiwanda na mojawapo ya maneno mawili: "asili" au "mbadala". Atakayeandika "asili" juu ya kisicho asili atakuwa ametia sahihi ushahidi dhidi yake mwenyewe.