Kimya cha mwanafunzi mgeni si ujinga

Kila muhula unapofunguliwa, shule nyingi za humu nchini hupokea mwanafunzi wa aina moja ambaye vitabu vya mwongozo havimtaji. Ameletwa na mjomba au na jirani. Hana barua ya shule aliyotoka, au anayo lakini imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma ofisini. Anapoulizwa jina lake kwa Kiingereza, yeye hutazama chini. Mwalimu humwuliza tena kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba ila iko masikioni. Kijana asipojibu, hukumu hukatwa papo hapo: huyu hajui kitu, na apelekwe darasa la chini. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 14 anavyoketishwa pamoja na watoto wa miaka 8, magoti yamekwama chini ya dawati, huku akifundishwa kujumlisha hesabu alizozijumlisha miaka sita iliyopita.

Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga leo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mara nyingi mshindo wa kimya hiki huwa ni kiti kitupu. Kijana aliyedhalilishwa mbele ya watoto wadogo huvumilia wiki mbili, pengine mwezi, kisha haonekani tena. Sajili huandika kwamba ameacha shule, wala haiandiki kwamba shule ndiyo iliyotangulia kumwacha.

Wageni hawa si wachache, wala si jambo la jana. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 na ile ya Kakuma mwaka 1992, na shule zake hufuata mtaala wa Kenya. Wengine huishi mijini, hasa Nairobi, na watoto wao husoma katika shule zizi hizi za umma tunazosomeshea wetu. Wametoka Somalia, Sudan Kusini, Kongo, Burundi na Ethiopia, na tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, wamo pia waliosoma kwa Kiarabu tangu siku ya kwanza. Isitoshe, tunao wageni waliozaliwa papa hapa. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza. Basi mtoto wa Turkana au wa Wajir akihamia jijini akiwa Gredi ya 2, hujikuta ghafla ndani ya darasa linaloendeshwa kwa Kiingereza kitupu. Huyo naye ni mgeni, ingawa wazazi wake wana vitambulisho.

Kuhusu haki zao, Katiba ya mwaka 2010 haina utata. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kinasema kila mtoto. Hakisemi kila mtoto wa raia, wala kila mtoto ajuaye Kiingereza. Hata hivyo, haki ya kuingia langoni ni nusu tu ya safari. Mtoto anaweza kuandikishwa, akapewa sare na dawati, na bado akabaki nje ya somo.

Hebu tutazame mambo ambayo mwanafunzi huyu anayajua na sisi tunayahesabu kuwa makosa.

Chukua mtoto aliyesoma Kongo au Burundi, ambako shule zilirithi desturi za Kifaransa. Anapogawanya, hukiandika kigawanyo upande wa kulia, na jibu hulipanga chini yake. Akiandika tatu na nusu kwa desimali, hutia mkato pale tunapotia nukta. Mwalimu mwenye madaftari 70 mezani huona mpangilio wa kigeni, naye hupitisha kalamu nyekundu. Lakini jibu ni sahihi! Chukua pia mtoto aliyetoka Khartoum. Katika tarakimu alizofundishwa, tano huandikwa kama kiduara kinachofanana na sifuri yetu, sita inafanana na saba yetu, na sifuri yenyewe ni nukta. Akiandika hamsini, mwalimu wake wa Nairobi ataona sifuri na nukta, kisha ataandika pembeni kwamba kijana hajui hesabu.

Au tutazame majina. Tangu mwaka 1972 Kisomali huandikwa rasmi kwa herufi za Kirumi, lakini baadhi ya herufi hizo zimepewa kazi tofauti na tunayoijua sisi. Herufi C ni ile ain ya Kiarabu, na X ni H nzito ya kooni. Kwa hiyo Cali ni Ali, na Xasan ni Hassan. Mwalimu akiita “Kali” wakati wa kusoma sajili, darasa zima huangua kicheko, na mtoto hujifunza somo lake la kwanza katika shule mpya: kwamba jina lake ni mzaha.

Kubwa zaidi ni umri. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane. Mtoto ambaye cheti chake kinasema alizaliwa mwaka 2006 kwa kalenda ya kwao, kwa hesabu yetu alizaliwa mwaka 2013 au 2014. Karani asiyejua hilo humwongezea mtoto miaka minane kwa mpigo mmoja wa kalamu, na baadaye watu hushangaa mbona jitu zima la miaka hiyo ni dogo na halijui kitu.

Sidai kwamba mwalimu wa Kenya ajifunze Kiarabu, Kiamhari, Kirundi na Kifaransa kabla ya kuingia darasani. Dai langu ni dogo zaidi: kabla hajaamua kwamba mtoto hajui, amwulize kwa lugha ambayo mtoto anaijua. Mara nyingi mkalimani yumo mumo shuleni, katika darasa la juu, au ni mzazi auzaye nguo mtaani. Nusu saa ya mahojiano na karatasi moja ya hesabu zisizo na maneno humwonyesha mwalimu mengi kuliko muhula mzima wa kumkaripia. Akishajua mtoto amefika wapi katika hesabu na katika kusoma lugha yake mwenyewe, na amweke darasa linalolingana na umri na ujuzi wake. Kiingereza atafunzwa akiwa huko huko.

Tena tunayo hazina moja ambayo hatuitumii ipasavyo, nayo ni Kiswahili. Mtoto wa Kongo ya Mashariki hukijua tayari, ingawa husema “batoto” pale tunaposema watoto. Asichekwe kwa hilo. Arekebishwe taratibu na aachwe aseme, maana huenda kipindi cha Kiswahili ndicho pekee anachoweza kunyanyulia mkono. Mtoto wa Burundi huhesabu kabiri, gatatu, kane, gatanu, na hahitaji kuelezwa mara mbili kuhusu mbili, tatu, nne na tano. Msomali na Msudani watalitambua neno mwalimu, na swali, na hesabu, na kalamu, kwa kuwa maneno hayo yana asili moja na ya kwao. Hata saa ni ya pamoja: Mwethiopia, sawasawa na Mswahili, huhesabu saa kuanzia mapambazuko, akasema saa moja pale Mwingereza anaposema saa saba. Lugha yetu ya taifa, ambayo pia ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, ni daraja lililokwisha kujengwa. Kinachoshangaza ni kwamba tunawalazimisha wageni wavuke mto kwa kuogelea.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba mitihani imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto na atumbukizwe humo mapema, azoee. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli hatafaulu bila Kiingereza. Lakini mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alitofautisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo, na uchunguzi wake na wa wenzake umeonyesha kwamba mtoto mgeni huweza kupiga soga vizuri baada ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya vitabu humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Haya yanaeleza lalamiko tunalolisikia kila mara katika ofisi za walimu, kwamba fulani anaongea Kiingereza kizuri uwanjani ila katika sayansi ni mvivu. Huenda si mvivu. Neno “mpira” na neno “mvukizo” hayajifunzwi kwa muda mmoja. Iwapo tutasubiri miaka saba hadi lugha ikamilike ndipo tumfundishe sayansi, tutakuwa tumempoteza. Na tukimfundisha sayansi kwa Kiingereza asichokielewa, bila msaada wowote, tutampoteza vilevile. Imebaki njia ya kati: somo liendelee, na lugha anayoijua ilibebe mpaka Kiingereza kipate nguvu.

Njia hiyo haigharimu fedha. Mwalimu aandike ubaoni maneno manane au kumi makuu ya kipindi kabla hajaanza, achore panapochoreka, na aseme polepole akionyesha kwa kidole lile analolisema. Amruhusu mgeni aandike maana kwa lugha yake pembeni mwa daftari. Anaposahihisha, atenganishe alama ya hoja na kosa la lugha. Na asimlazimishe kusema mbele ya darasa katika wiki za mwanzo. Kwanza ajibu kwa kuonyesha, kisha kwa neno moja, kisha kwa sentensi.

Fauka ya hayo, kuna desturi moja inayopasa kukoma. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi walionaswa wakisema Kigikuyu walivyochapwa viboko au kuvishwa kibao cha chuma shingoni. Ilikuwa desturi ya ukoloni, lakini zipo shule ambamo kibao hicho bado kinazunguka kutoka shingo hadi shingo. Kwa mwenyeji ni fedheha. Kwa mgeni ambaye hana neno jingine la kuombea maji ya kunywa, ni kufungwa mdomo.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami siwezi kulipuuza. Mwalimu mwenye wanafunzi 80, anayefundisha masomo matano na kujaza ripoti hadi usiku, ataniuliza muda huo atautoa wapi. Ni swali la haki. Kazi hii haimwelekei yeye peke yake. Ni juu ya mwalimu mkuu kupanga nani ampokee mgeni na nani amwandamie. Ni juu ya wanaosimamia mitaala na vyuo vya ualimu kuhakikisha kwamba mwalimu hahitimu bila kujua la kufanya siku anapoletewa mtoto asiyejua lugha ya darasa. Na ni juu ya Serikali kuajiri walimu wa kutosha, ahadi ambayo tumeisikia mara nyingi. Lakini kumwita Ali kwa jina lake hakungoji bajeti.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, sehemu yenu si ndogo. Mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona, na kila mtu anaweza kumrushia jiwe. Anayeketi naye wakati wa chakula, akamwonyesha maktaba na msala, na akamfundisha maneno ya mchezo, humfaa kwa namna ambayo hakuna mwalimu anayeweza. Naye atawalipa. Mwulizeni awafunze kuhesabu kwa lugha yake, nanyi mtaonja, angalau kwa dakika tano, ladha ya kuwa mtu mzima wa akili ambaye ulimi wake umegeuka wa mtoto mchanga.

Kuna methali tunayopenda kuitaja mgeni anapokawia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami naafiki, mwanafunzi mgeni apewe jembe alime pamoja na wenzake, tena ngwe kamili. Tuangalie tu kwamba jembe lenyewe lina mpini anaoweza kuushika.