Chemutoi Ketienya: Sauti ya Kapkatet iliyoeleweka visivyo

Ukitoka Nakuru kupitia Mau Summit, Kericho na Litein, utafika Kapkatet. Hapo ndipo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipotua mwaka wa 1950 na mitambo yake ya kunasa sauti. Chemutoi Ketienya akaongoza wasichana wenzake wa Kikipsigis kuimba wimbo mfupi ambao sasa unajulikana duniani kama "Chemirocha III".

Chemirocha ni matamshi ya Kikipsigis ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika Ukipsigis pamoja na gramafoni. Tracey aliandika kwamba wasichana wanamhimiza Chemirocha, nusu mtu nusu swala, acheze.

Maelezo hayo yakavuma kuliko wimbo. Ng'ambo yakageuzwa kisa cha washamba waliosikia gramafoni wakadhani wamesikia pepo. Aliyeimba akasahauliwa, wakabaki "wasichana wa kabila" wasio na jina.

Huko ni kumdhulumu Chemutoi. Kericho ya 1950 ilikuwa na mashamba makubwa ya chai, misheni, na wanaume waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Watu wake walimjua mgeni na vyombo vyake. Malenga wa taarab akimsifu ndege au ua, hakuna anayedhani anaabudu kiumbe hicho. Kwa nini msichana wa Kapkatet anyimwe haki hiyo ya kubuni, kutania na kutia chumvi? Alichukua jina la mgeni, akalitia katika mahadhi ya kwao, likawa lake. Hiyo ni kazi ya msanii.

Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka wa 1954, na rekodi zikahifadhiwa Afrika Kusini. Katika muongo wa 2010, maktaba hiyo na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha Kapkatet, zikasikilizwa na wenyewe. Ilielezwa kwamba jina Chemirocha lilikuja kutumika kwa jambo lolote jipya la kigeni.

Kurudisha sauti ni mwanzo tu. Watangazaji na walimu wa muziki wa Bonde la Ufa wana deni: kila wimbo huu unapopigwa, Chemutoi Ketienya atajwe kwanza, Rodgers afuate.