Zana za Kutafutia Maneno na Mofolojia ya Kiswahili

Kanuni ya kutafutia maneno aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980 hukata viambishi tamati vya Kiingereza. Kiswahili hupachika viambishi mbele pia: anayetafuta neno soma hapati alisoma wala msomaji, akitafuta mfuatano som, huletewa hata Wasomali. Hesabu ya mtafiti hupotoka, na kamusi inayoitegemea vilevile.

Zana ifaayo zaidi ni kichanganuzi cha mofolojia. Kile cha Kiswahili alichokieleza Arvi Hurskainen mwaka 1992, kwa kufuata mkabala wa viwango viwili wa Kimmo Koskenniemi (1983), hutenganisha viambishi na kubainisha mzizi. Hata hivyo, kaa ni kitenzi, ni mnyama wa pwani, tena ni kipande cha makaa. Hapo huamua muktadha.